Ndege wa Fayum Asiye na Ukoo

Mwaka 1904 Charles William Andrews, mtaalamu wa visukuku katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, alitangaza kwamba katika bonde la Fayum, nchini Misri, kumepatikana mfupa wa ndege mkubwa wa kale. Kusema kweli haukuwa mfupa mzima. Ilikuwa ni ncha ya chini tu ya mfupa wa muundi, kipande ambacho mtu aweza kukishika kwa mkono mmoja. Juu ya kipande hicho Andrews alisimamisha jenasi mpya na spishi mpya, akamwita ndege huyo Eremopezus eocaenus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na Kigiriki, na maana yake ni mwenda kwa miguu wa jangwani. Sehemu ya pili yataja enzi ya Eosini, ambayo mwisho wake ndio wakati alioishi ndege huyu, yapata miaka milioni 35 iliyopita. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na swali la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote angeliuliza, yaani huyu ni ndege wa ukoo gani, halijapata jibu lililokubaliwa na wataalamu wote.

Jina lenyewe lina kichekesho ndani yake. Fayum ya leo ni jangwa kweli, huko kusini-magharibi ya Cairo, na miamba yenye visukuku imeachwa wazi na upepo kaskazini ya Ziwa Qarun. Lakini ndege huyu hakupata kuliona jangwa hilo. Katika siku zake bahari ya kale ilifika hadi karibu na hapo, na nchi ilikuwa tambarare ya mito, misitu na mabwawa. Afrika ilikuwa imetengana na Asia na Ulaya, mfano wa kisiwa kikubwa mno, na wanyama wake walikuwa wa peke yake. Walikuwapo jamaa wa kale wa tembo. Alikuwapo Arsinoitherium, mnyama mzito mwenye pembe mbili kubwa puani. Na pimbi, ambao leo tunawaona wakiota jua juu ya majabali, wadogo kama sungura, walikuwa wa aina nyingi, wengine wakubwa kupita ng'ombe. Katika nchi ya namna hiyo ndimo alimotembea ndege wetu, na hilo ni jambo la kuliweka akilini, kwa sababu bara lililojitenga muda mrefu huweza kuzaa koo ambazo hazikuwako kwingine na ambazo zilitoweka bila kuacha mrithi.

Nia yangu katika makala haya si kumwainisha Eremopezus. Sina mifupa yake, wala ujuzi wangu haufiki huko. Nataka kudai kwamba ndege huyu, ambaye mahali pake hapajulikani, anastahili kuingia katika madarasa yetu ya elimu ya viumbe kabla ya wengi ambao mahali pao panajulikana.

Yafaa kwanza tuuelewe mfupa wenyewe, na kwa kazi hiyo hatuhitaji kwenda Misri wala London. Mguu wa kuku unatosha. Watu wengi humtazama kuku na kusema kwamba goti lake limepinda kuelekea nyuma. Sivyo. Goti la kuku limejificha chini ya manyoya, karibu na tumbo, nalo limepinda kama letu. Kile kinachoonekana kupinda kinyume ni kifundo cha mguu. Mfupa ulio juu ya kifundo, ule wenye nyama ambayo watoto hugombea mezani, ni muundi ulioungana na baadhi ya mifupa midogo ya kifundo. Ulio chini yake, wenye magamba, ni mifupa ya wayo iliyoungana ikawa mmoja na kusimama wima. Kwa hiyo kuku, kama ndege wote, hutembea kwa vidole. Kwenye ncha ya chini ya mfupa huo wa wayo kuna vichwa vya mviringo, na kila kidole cha mbele kina kichwa chake cha kuzungukia. Mtaalamu akivitazama vichwa hivyo, ukubwa wake, umbali kati yake na jinsi vilivyoelekea, aweza kukwambia mengi juu ya ndege ambaye hajapata kumwona: kama alitembea au alishika tawi, kama aliogelea, kama vidole vyake vilikwenda pamoja au kila kimoja kiliweza kujitenga.

Andrews hakuwa na mfupa wa wayo. Alikuwa na ncha ya muundi tu, kubwa, na akaamua kwamba ni ya ndege wa kundi la mbuni, yaani wale wakubwa wasioruka ambao kidari chao hakina ule mwamba wa mfupa unaoshikilia misuli ya mabawa. Katika kundi hilo wamo mbuni wa Afrika, emu na kasuari wa Australia na visiwa vya jirani, rea wa Amerika ya Kusini, kiwi wa New Zealand, na wale waliokwisha kutoweka kama ndege-tembo wa Madagascar, ambaye yai lake moja liliweza kujaa mayai ya kuku zaidi ya mia. Mwaka 1929 Kálmán Lambrecht, mtaalamu wa Hungaria, aliueleza mfupa wa wayo uliotoka Fayum katika mikusanyo ya Mjerumani Ernst Stromer. Akaona kwamba ni wa ndege mwingine, akampa jina la Stromeria fajumensis, na akamweka karibu na ndege-tembo. Basi vitabu vikawa na ndege wawili wakubwa wa Fayum, na kwa muda mrefu wasomaji waliambiwa kwamba asili ya ndege-tembo wa Madagascar ilikuwa imeonekana katika Misri.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa leo. Mimi siwacheki. Kila mwenye kulinganisha hulinganisha na kile alichonacho. Mtu aliyeketi London au Munich au Budapest mwanzoni mwa karne ya 20, akapewa mfupa wa ndege mkubwa atembeaye, alifungua kwanza mtoto wa meza wenye mifupa ya ndege wakubwa watembeao, na humo alimkuta mbuni, emu na ndege-tembo. Andrews mwenyewe aliandika habari za mfupa wa Fayum kama nyongeza katika makala iliyohusu mifupa ya ndege wa Madagascar. Jibu lilikuwa limekwisha kupakana na swali kabla swali halijaulizwa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kazi ya kuchimba. Kuanzia mwaka 1961 Mmarekani Elwyn Simons aliongoza misafara mingi ya Fayum, iliyopata sifa hasa kwa visukuku vya nyani wa kale. Lakini mchimbaji mwaminifu huokota pia kile asichokitafuta, na miongoni mwa vilivyookotwa vilikuwamo vipande zaidi vya mguu wa ndege mkubwa. Mwaka 2001 D. Tab Rasmussen, Simons na wenzao wawili walichapisha uchunguzi wa vipande hivyo. Waliona kwamba Eremopezus na Stromeria ni ndege mmoja. Kwa kuwa kanuni za kuwapa wanyama majina zataka jina lililotangulia ndilo lishike, jina la Andrews likabaki na la Lambrecht likaanguka. Ndege huyo alikuwa na ukubwa wa rea mkubwa au mbuni mdogo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mguu wake haukuwa mguu wa mkimbiaji kama ule wa mbuni, ambaye amebaki na vidole viwili tu. Vichwa vya mfupa wa wayo vilionyesha vidole vyenye kutanuka na kujongea kwa uhuru. Walipotafuta miongoni mwa ndege walio hai mguu unaofanana na huo, hawakuupata kwa mbuni wala kwa jamaa zake. Waliowakaribia zaidi walikuwa wawili, na wote wawili ni wenyeji wetu: karani tamba wa mbugani, na yule korongo wa mabwawa ya mafunjo mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye kwa Kilatini huitwa Balaeniceps rex na ambaye baadhi ya vitabu humwita korongo-nyangumi.

Karani tamba hahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Dodoma au Narok. Hutembea nyikani kwa hatua ndefu, na akimkuta nyoka humpiga mateke kwa shabaha ya kustaajabisha. Korongo-nyangumi ni nadra zaidi. Huishi katika mabwawa ya Uganda, ya Sudan Kusini, ya Moyowosi magharibi ya Tanzania, ya Zambia na sehemu za Kongo. Husimama kimya muda mrefu juu ya mimea inayoelea, kisha hujitupa juu ya kamongo na kumkamata pamoja na majani yote. Ndege hawa wawili hawana mwenendo mmoja, lakini kila mmoja ana mguu wenye vidole vinavyofanya kazi zaidi ya kubeba mwili.

Hapa ndipo msomaji mwenye haraka atakaposema: basi jambo limekwisha, Eremopezus ni babu wa karani tamba. Naomba asiseme hivyo. Waandishi wa mwaka 2001 wenyewe walikuwa waangalifu, wakaona kuwa yawezekana pia tunaye hapa ndege wa ukoo wa Kiafrika uliokufa wote. Nami naona kwamba uangalifu huo ulikuwa wa haki. Kufanana kwa mguu kwaweza kuwa ni kufanana kwa kazi. Popo na mbayuwayu wote huruka, lakini hatuwaweki katika ngeli moja. Na hata tukiacha mfano huo ambao kila mwanafunzi anaujua, historia ya ndege hawa hawa yatuonya vya kutosha. Korongo-nyangumi kwa miaka mingi alihesabiwa pamoja na makorongo wa kawaida, kama jina lake la Kiswahili linavyoshuhudia. Leo uchunguzi wa chembe za urithi wamweka jirani ya mwari na fundichuma. Karani tamba, kwa miguu yake mirefu, aliwapotosha wengine wakamfikiria mwenzi wa makorongo. Kumbe ni wa jamii ya tai na mwewe. Nao ndege-tembo wa Madagascar, aliyekuwa na uzito wa mamia ya kilo, alipochunguzwa kwa chembe za urithi zilizosalia katika mifupa yake, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba jamaa yake wa karibu kuliko wote walio hai si mbuni aliye ng'ambo ya mlango wa bahari, bali ni kiwi wa New Zealand, ndege asiyezidi sana ukubwa wa kuku. Nani angelithubutu kusema hivyo kwa kutazama miguu peke yake?

Kwa Eremopezus njia hiyo imefungwa. Chembe za urithi huoza. Za kale zaidi zilizopata kusomwa zilitoka katika udongo ulioganda wa Greenland, zina umri wa miaka kama milioni mbili, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2022. Mifupa ya Fayum ina umri zaidi ya mara kumi na tano ya huo, tena katika nchi ya joto. Tutaendelea kutegemea umbo la mifupa, na mifupa iliyopo ni ya mguu. Fuvu hatuna. Bawa hatuna, kwa hiyo hata kutoruka kwake twakudhani kwa ukubwa tu. Siku mtu atakapookota kipande cha mdomo au cha kidari katika tabaka zile zile, huenda makala hii ikawa takataka, nami nitafurahi.

Sasa niseme kwa nini habari hizi nazileta mbele ya walimu. Miaka michache iliyopita nilipata kuona karatasi ya jaribio la shule moja ambayo sitaitaja. Swali lilikuwa: Archaeopteryx ni ndege au ni reptilia? Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba ana meno na mkia mrefu wa mifupa kama reptilia, ana manyoya na mabawa kama ndege, kwa hiyo inategemea mpaka tumeuweka wapi. Mwalimu alipiga mkasi kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: chagua moja. Yule mtoto alikuwa amesema kwa mistari mitatu jambo ambalo mimi nilichukua miaka kulielewa, akapewa sifuri. Silaumu mwalimu mmoja. Mtihani wenyewe ulikuwa umemfundisha kwamba maumbile yote yamekwisha kugawanywa katika visanduku, na kwamba kazi ya akili ni kukumbuka kisanduku.

Najua pingamizi litakaloletwa. Tukiwaambia wanafunzi kwamba wataalamu hawajui, watasema kila jibu ni sawa, na mwalimu mwenye darasa la watu sitini atasahihishaje? Pingamizi hili lina uzito, lakini limechanganya mambo mawili. Kutojua mahali pa Eremopezus si sawa na kutojua lolote. Twajua ni ndege. Twajua ukubwa wake kwa kadiri. Twajua mguu wake haukuwa wa mbuni. Twajua kwa nini yule mtaalamu alikosea na kwa nini huyu anasita. Mwanafunzi atakayesema Eremopezus alikuwa bata amekosa, na mwalimu ampe sifuri bila huruma. Atakayesema alikuwa jamaa ya karani tamba na akatoa hoja ya vidole, apewe alama. Atakayepinga kwa kusema vidole vyaweza kufanana kwa sababu ya kazi, apewe alama vilevile, na pengine zaidi kidogo. Kusahihisha hoja kuna taabu kuliko kusahihisha neno. Taabu hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu, na sioni njia ya kuikwepa.

Kuna jambo jingine, nalo lanigusa mimi binafsi. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wangu alinituma siku moja katika chumba cha mifupa kutafuta miguu ya ndege wa mbugani kwa ajili ya zoezi. Nilivuta mtoto wa meza, nikamkuta karani tamba, mifupa yake imefungwa kwa uzi na kuandikwa wino mzuri: Afrika ya Mashariki. Nimezaliwa mahali ambapo ndege huyo hupita shambani. Hata hivyo sikuwa nimepata kuushika mfupa wake mpaka nilipovuka bahari. Sikuona uchungu wakati ule. Uchungu ulikuja baadaye, niliporudi nyumbani na kuombwa na wanafunzi wangu niwaonyeshe tofauti ya mguu wa mbuni na mguu wa karani tamba, nami nikachora ubaoni.

Wamisri wamekwisha kuchukua hatua. Katika Chuo Kikuu cha Mansoura kuna kituo cha visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kilichoanzishwa na Hesham Sallam mwaka 2010, na watu wake huchimba Fayum wenyewe, huandaa mifupa wenyewe na kutoa majina wenyewe. Nyangumi wa kale mwenye miguu minne aliyetangazwa mwaka 2021 kwa jina la Phiomicetus anubis, kutoka Fayum hiyo hiyo, ni kazi yao. Kisukuku kitakachomaliza ubishi wa Eremopezus, kama kipo, huenda kikaonekana kwanza na macho ya huko.

Lakini kisukuku peke yake hakisemi. Kinahitaji cha kulinganishwa nacho, na hapo sisi wa Afrika ya Mashariki tuna wajibu ambao hauhitaji fedha nyingi. Mwaka 1986 Storrs Olson na Rasmussen walitazama visukuku vya ndege wa Fayum wa tabaka za juu kidogo, za enzi ya Oligosini, wakawakuta heroe, korongo, jamaa ya korongo-nyangumi, na wale ndege wa vidole virefu watembeao juu ya majani ya mayungiyungi. Wakauliza ni wapi leo ambapo ndege wa namna hiyo huishi pamoja. Jibu lao lilikuwa eneo dogo la Uganda, kaskazini na magharibi ya Ziwa Victoria. Maana yake ni kwamba mtu atakaye kuielewa Misri ya miaka milioni 30 na zaidi iliyopita yampasa ayajue mabwawa ya Uganda ya leo, mifupa ya ndege wake pamoja. Ni nani atakayemfundisha, ikiwa shule zilizo kando ya mabwawa hayo hazina hata kabati moja la mifupa?

Tuanze na ndege wa kufugwa, kwa sababu karani tamba na korongo-nyangumi wanalindwa na sheria, na hata mzoga uliookotwa haupaswi kuhifadhiwa bila kibali cha idara ya wanyamapori. Kuku, bata, bata mzinga, njiwa na kanga wapatikana. Mguu uchemshwe kwa moto mdogo, usitokote kwa nguvu, mpaka nyama iachie. Mifupa isafishwe kwa mswaki mkuukuu, ikaushwe kivulini, kisha kila mmoja uandikwe kwa wino jina la ndege, mahali na tarehe. Mfupa usioandikwa hautamfaa mtu mwaka ujao. Mwalimu akiisha kuwa na miguu ya kuku na ya bata, aifiche majina, awape wanafunzi ile ncha ya chini ya mfupa wa wayo peke yake, na awaulize ni yupi aliyeogelea na wamejuaje.